Dirisha la Kushoto

Tulitoka Malindi kabla ya adhana ya alfajiri,
Probox ya Mjomba Lali, ya kuazima siku tatu,
mikate ya mofa kitambaani, chai ya tangawizi chupani,
na Baba kiti cha mbele, dirisha la kushoto,
kofia yake ya kazi bado ina nembo ya hoteli
iliyofungwa mwaka nilipofanya mtihani wa darasa la nane.

Miaka thelathini na mmoja aliwaonyesha wageni wanyama.
Sisi alituletea majina tu,
saa nne za usiku, vumbi jekundu masikioni:
leo nyati, leo chui juu ya mti na swala wake,
leo bibi mmoja wa Milano kamwona mwana wa ndovu, akalia.
Tulikula ugali tukiteremshia na hao ndovu.
"Likizo ijayo," alisema.
Likizo zikaja, zikapita
kama wageni wasiotoa bahashishi.

Kisha macho yakaingia ukungu.
Mtoto wa jicho, daktari akasema.
Mama akacheka, cheko la kukata:
"Huyo ndiye mtoto pekee uliyempeleka mbugani."

Basi mimi ndiye dereva.

Darajani Sabaki akauliza maji yana rangi gani.
"Chai ya maziwa," akajibu Shekuwe, mwanangu wa miaka saba.
"Huko juu kumenyesha, basi. Wanyama watakaa mbali na barabara."
Gongoni akanusa mashamba ya chumvi, akanyamaza.
Garsen askari akavisoma vitambulisho kimoja kimoja,
akatuhesabu mara mbili.
"Mnaenda wapi?"
"Kutalii."
Akaniangalia, akaiangalia Probox, sufuria, mkeka, Mama,
akaivuta miiba pembeni taratibu
kama aliyeliona neno analolijua
limevaa nguo za mtu mwingine.

Kupita Witu gurudumu la nyuma likatoa pumzi.
Jeki ya Mjomba Lali ina kutu na kiburi.
Nilikuwa nimepiga magoti, mafuta viganjani,
Shekuwe alipopiga kelele: "Ng'ombe!"

"Shh," Baba akasema, hakugeuza hata shingo. "Rangi?"
"Kahawia. Inang'aa. Mapajani nyeusi-buluu,
kama amekalia wino."
"Uso?"
"Mrefu. Kama wa mwalimu wetu wa hesabu."
"Amesimama juu ya nini?"
Shekuwe akakunja macho. "Juu ya kichuguu."

Baba akavua kofia.
"Huyo si ng'ombe, mjukuu wangu. Ni nyamera.
Huyo ni mlinzi. Wenzake wako chini wanakula,
yeye anawaangalilia. Hesabu."

Tukahesabu, spana mkononi mwangu.
Kumi na mmoja.
"Hesabu tena. Kuna mmoja nyuma ya kichaka.
Kila mara kuna mmoja nyuma ya kichaka."
Tulitazama mpaka macho yakatuwasha.
Sikumwona. Nikasema, "Ndiyo, yupo,"
na Baba akatabasamu upande,
kama mtu aliyewahi kuwadanganya wageni hivyo hivyo
siku simba alipokataa kutokea.

Akasimama, mkono juu ya paa la gari,
koo akalisafisha, akaingia sauti ya kazini,
ile ambayo nyumbani haikuwahi kuvuka kizingiti,
akaanza kwa Kiitaliano:
signori, signore...

Akakatiza.
Upepo ulipita nyasini. Nyamera mmoja alipiga chafya.
Akaanza upya, kwa maneno yetu, polepole,
akitafuta kila moja kama atafutaye ndara gizani:
mnyama huyu hukimbia hivi, huzaa miezi hii,
mamake humficha hivi. Maswali mwisho.

Shekuwe alikuwa na maswali tisa.
Mama, kiti cha nyuma, akafungua pindo la leso,
akatoa shilingi ishirini, akamwekea kiganjani.
"Bahashishi," akasema, na hakucheka.

Nami nikarudi kwenye gurudumu.
Nati moja ilikuwa imepotea mchangani,
na Mokowe bado mbali.